Mikono ya Kwenye Picha za Averell

Akina mama wenzangu wa Coldmere, nawaandikia kwa sababu jana mchoraji alishuka kwenye treni na masanduku yake, na wote tunajua mtoto wa Bwana Rupert anaumwa.

Ukoo wa Averell umeshika ardhi hii miaka mia nne, baba kwa mwana, haujakatika. Kila mrithi huchorwa akiwa na miaka sita. Sasa hao watoto wao karibu wote huwa dhaifu, hawawezi kukaa kitini siku nzima. Basi huitwa mtoto wa mpangaji, akavishwa nguo za mrithi, akakaa badala yake. Mchoraji huchora mwili na mikono. Uso wa mrithi huwekwa mwisho.

Rupert huyu alipokuwa mdogo alikuwa hapumui vizuri. Mama yake, Bibi Averell, akaja kwangu na keki.

"Hester, nasikia Jabez wako anatulia."

"Mno, Bibi. Ukimweka hapo unamkuta hapo hapo."

Alipoondoka, mume wangu Amos akacheka. "Haya, mwanao kawa Bwana Mkubwa! Kesho atataka tumvue viatu."

Siku ya kwanza Jabez alirudi na mkono wa kushoto wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaukanda kwa maji moto, wapi! Kijiko kikamponyoka.

"Umeufanya nini mkono huu?"

"Sijaufanya kitu, Mama. Umechorwa."

Asubuhi nikampeleka mwenyewe. Tukapitishwa kwenye ukumbi wa picha, ambao sikuwahi kuuona. Warithi wa Averell wamejaa ukutani, pua ndefu zile zile. Lakini mikono! Huyu ana kidole kilichopinda cha akina Tuckett, wapangaji wenzetu. Yule ana vidole vifupi vinene vya akina Mabbott. Nikakumbuka makaburi madogo nyuma ya kanisa, Tuckett, Mabbott, wote watoto wa miaka sita, saba. Nikamshika Jabez bega.

Picha mpya ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mwili hauna kichwa, mkono wa kulia bado haupo. Wa kushoto ulikuwa wa mwanangu, na kovu lake la kuumwa na bata bukini. Nilipousogelea, kidole kilikuwa kinagonga goti polepole, kama Jabez anavyogonga akiwaza.

"Kaa, mtoto," mchoraji akasema bila kugeuka. "Umebaki mkono mmoja tu."

"Hakai," nikasema.

Bibi Averell akasimama. "Hester, nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ni yenu, Bibi. Mtoto ni wangu."

Tulifukuzwa kabla ya Jumapili, tukaenda kuishi kwa dada yangu kule kinuni. Jabez yu hai, ni mtu mzima, ila mkono ule mpaka leo hauna joto. Na Rupert alipona, mnamwona kanisani. Mkono wake wa kulia, ule usiochorwa, umenyauka ndani ya glavu. Wa kushoto hugonga benchi mahubiri yote, na mwanangu hapendi kuutazama.

Najua mtoto mtulivu ni sifa, na kila mama hupenda kusifiwa. Lakini wakija mlangoni kuuliza, waambieni mtoto wenu hatulii, anauma watu, anapanda paa. Wakitaka kumwona, mfinyeni apige kelele.