Bizimu Ndani ya Saladi ya Viazi

Eckehard Lohse alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa Cottbus, na baba yake alitegemea angerithi tanuri. Kijana akapenda udongo. Akasomea akiolojia Leipzig, akachimba ngome za kale, akaandika vitabu viwili vilivyosomwa na watu wachache, na kufikia utu uzima hakuna aliyemzidi mkoani kwa kufukua kaburi bila kuvunja hata ubavu mmoja wa marehemu. Ndiyo maana mwaka 1983, mgodi wa makaa ya mawe ulipokisogelea kijiji cha Lubosch, yeye ndiye aliyepelekwa kuchimba makaburi ya kanisa kabla mitambo haijayameza.

Wanakijiji walikwisha kuhamishwa. Maiti wa karibuni walikuwa wamechukuliwa na jamaa zao. Wale wa zamani, ambao ofisi ilisema hawana mwenyewe, ndio waliobaki kuwa kazi ya Eckehard.

Ila mwenyewe alikuwepo. Bibi Hanna Krautz, aliyepewa chumba kwenye ghorofa mjini, alikuja kwa basi karibu kila siku, akasimama nyuma ya kamba na kitambaa chake kichwani.

"Leo mmemtoa nani?"

"Majina hatuyajui, Bibi Krautz."

"Mimi nayajua. Huyo kando ya mlango wa kanisa ni mama wa bibi yangu. Alizikwa na bizimu yake ya harusi, ile pini ya kufungia shali. Mtamfanya nini?"

"Tutampima, tutamchora, kisha tutamzika upya mjini, yeye na vitu vyake. Mkubwa wangu, Daktari Trautwein, ameahidi."

"Huyo Trautwein simjui. Wewe ndiye ninayekuona. Niahidi wewe."

Akamwahidi.

Bizimu ilikuwa pale pale aliposema bibi, chini ya kidevu cha marehemu: fedha iliyoingia weusi, na katikati jiwe la kaharabu. Mwiko wa kuchimbia wa Eckehard ukateleza, ukaikwaruza ukingoni. Aliona aibu kama amemkwaruza mtu aliye hai. Akaisafisha, akaichora pamoja na mkwaruzo wake, akaipeleka ghalani kwa Trautwein.

Majani yalipoanza kupukutika kazi ikaisha, mtambo ukapita, na mahali pa kanisa pakawa shimo. Benno Trautwein akawaalika wote kwenye nyumba yake ya bustanini kando ya ziwa. Soseji zilikuwa zinachuruzika mafuta juu ya makaa, bia haikatiki, na bakuli kubwa la saladi ya viazi limekaa katikati ya meza. Benno alikuwa mnene, mcheshi, midomo yake inang'aa mafuta.

"Lohse! Mbona unakula kama mgonjwa? Marlies, mwongezee huyu!"

Marlies, mke wa Benno, akainama na kijiko. Kwenye kola ya blauzi yake ya kijani palikuwa na bizimu ya fedha yenye kaharabu, imesuguliwa ikameta. Ukingoni ina mkwaruzo.

Eckehard alikuwa na soseji mdomoni. Akaitema kwenye kitambaa.

"Hiyo umeipata wapi?" akauliza.

"Nzuri, eeh? Benno kaninunulia Praha."

"Si ya Praha. Nimeitoa mimi, kwa mikono hii, shingoni mwa maiti."

Marlies akacheka, akamtazama mumewe, akaacha kucheka. Akaanza kuivuta bizimu kama mtu aliyeingiwa na mdudu, kola ikachanika, na bizimu ikaruka ikaangukia katikati ya saladi.

"Umenivisha uchafu wa kaburini!" akapiga kelele. "Mpaka kanisani anakosali dada yangu nimeivaa!"

Akakimbilia ndani. Eckehard alingoja mtu aseme neno: katibu wa chama tawala, mkuu wa maabara, wale vijana aliowafundisha kushika brashi. Hakuna aliyeinua macho.

Benno akatia vidole kwenye saladi, akaitoa bizimu, akailamba mayonezi iliyoganda juu yake, akaitia mfukoni. Kisha akachota saladi ile ile, akajaza sahani yake.

"Wanawake," akasema. "Haya, kuleni, chakula kinapoa."

Na wakala. Hicho ndicho Eckehard hakuweza kukisahau. Wote walinyoosha sahani zao, wakala. Yeye alifika hadi kwenye matete ya ziwa, akatapika mpaka tumbo likakauka.

Siku chache baadaye akahamishiwa jumba dogo la makumbusho huko mpakani, kwenye vyungu vilivyopasuka na mashoka ya mawe. "Shukuru hukufungwa," mwenzake mmoja alimnong'oneza ngazini. Kabla ya kuondoka alipanda hadi kwa Bibi Krautz, akamweleza yote bila kujitetea. Bibi alikuwa amechemsha viazi, kando yake jibini laini na mafuta ya mbegu za kitani.

"Mama wa bibi yangu mmemzika?"

"Tumemzika. Bila bizimu."

"Kwa hiyo huyo mtu analala na kuamka salama?"

"Ananenepa."

Bibi akasogeza sahani. "Kula. Humu hakuna kitu cha Trautwein."

Akachukua kiazi kimoja, akakirudisha sahanini. Bibi hakumlazimisha.

Ukuta ulipoanguka na utawala wa chama ukaisha, ofisi mpya ya mambo ya kale ikamwita arudi. Alivaa koti lake zuri, akapanda treni. Nyuma ya meza ile ile ya mkubwa alimkuta Benno Trautwein, tai mpya, mkono umenyooshwa.

"Eckehard! Sisi tulioteseka pamoja sharti tushikane!"

Eckehard aliutazama ule mkono, vidole vifupi vinene, mate yakamjaa kinywani kama siku ile alipotapika kwenye matete. Akageuka bila kuvua kofia, akarudi mpakani na treni iliyofuata. Huko aliendelea kuonyesha watoto wa shule mashoka ya mawe mpaka alipostaafu, na saladi ya viazi haikuingia tena nyumbani kwake.