Ghorofa ya Nne kwa Miguu

Lifti ya hospitali ilikuwa nzima kabisa, lakini Fundi aliipita kana kwamba haioni. Kila Jumamosi alifunga cherehani mapema, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne alikolazwa mdogo wake. Alikuwa akihema mpaka wauguzi wanampisha njia.

"Treni imeingia stesheni!" mdogo wake alisema kutoka kitandani. Macho yalikuwa yamegeuka manjano, ila mdomo haukuugua hata siku moja.

Ini lake ndilo lililokuwa limekwisha. Fundi alijitolea kumkatia kipande cha lake, vipimo vya damu vikakubali, kumbe ini la Fundi nalo limejaa mafuta! Daktari alimpa miezi mitatu ayapunguze. Zaidi ya hapo mgonjwa asingeweza kungoja.

Fundi, kwa ubishi wake, akaacha kula. Wiki mbili nzima chai na maji tu. Gauni likamlegea, akajiona mshindi. Lo! Picha ya tumbo ikaonyesha nyongo yake imeanza kuwa tope.

"Nyongo hukaa kwenye kifuko ikingoja chakula," daktari alimjia juu. "Usipokula, inalala humo mpaka inaganda mawe. Sasa nimpasue nani, wewe au yeye?" Alipoona machozi akalainika. Akamweleza kuwa ini hutengeneza tindikali za nyongo zinazosaidia kusaga mafuta ya chakula, na kwamba mtu akifanya mazoezi na kupungua taratibu, ini hupumua na kazi hiyo hukaa sawa. "Kula kwa kiasi, mama. Tembea sana. Basi."

Basi akatembea. Alfajiri alizunguka mtaa mzima kabla ya kufungua duka, majirani wakimcheka, naye akiwacheka kwa kuwa wamekaa. Gauni alilipunguza mara tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi ya kumi na mbili alipewa majibu chini kwa daktari. Alipofika wodini, mdogo wake alikuwa amegeukia ukutani. Alimgusa bega, mgonjwa akaruka.

"We dada! Leo umepanda lifti?"

"Ngazi."

"Mwongo. Mbona sijakusikia ukihema?"

Fundi akaketi kando ya kitanda. "Wamenikubali," alisema. "Jumatatu tunaingia wote wawili."

Mdogo wake, yule asiyekosa neno, alimshika mkono akalia.