Vidole Viwili

Mimi sikuitaka ile sheria. Nalisema mapema, maana hapa Pruitt Fork siku hizi kila mtu anajidai aliiona hatari tangu mwanzo, na ni waongo watupu. Wote walipiga makofi, mchungaji akiwemo. Mimi nilinung'unika peke yangu, na hata mimi sikunung'unika kwa busara yoyote. Nilinung'unika kwa sababu dada yangu Delphia ndiye aliyeibeba, naye akishabeba kitu hakitui.

Delphia alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura tangu hospitali yetu ikiwa ghorofa moja na uwanja wa matope. Mimi nilikuwa jikoni, jengo hilohilo, kwenye masufuria ya maharagwe na mkate wa mahindi. Watu walikuwa wakinitania: "Verlie, dada yako anatuponya, wewe unatumaliza." Nami nawaambia mbona sahani mnarudisha tupu.

Kilichomwingiza kwenye mambo ya sheria ni taya lake. Waliletewa kijana mmoja aliyevurugwa akili na madawa, anauma watu, anarusha mateke, ikabidi afungwe mikono kitandani kwa ile mikanda laini. Sasa Delphia alikuwa na mtindo wake. Hakuna mgonjwa aliyefungwa ambaye hakumwendea na kupitisha vidole viwili kati ya mkanda na ngozi. Vikipita, sawa. Vikikataa, damu haitembei, mkanda unalegezwa. Wauguzi wote wamefundishwa hivyo, lakini yeye ilimwingia mwilini. Hata mimi akinivalisha saa alikuwa ananipitishia vidole. Yule kijana akalia kwamba kunabana. Delphia akainama, akajaribu vidole, vikakataa, akalegeza. Mkono ukachomoka ukamvunja taya.

Mlinzi wetu wakati ule alikuwa Arvil Sizemore, mtu mzima, mpole, ana tochi na redio basi. Mlinzi hana ruhusa ya kumkamata mtu. Anapiga simu kaunti, na askari wa kaunti ni wachache, na milima ni mingi. Arvil alimkalia yule kijana miguuni karibu saa nzima, anamwimbia nyimbo za kanisani ili atulie, huku dada yangu amekaa sakafuni anatema damu kwenye taulo.

Delphia hakumlaumu kijana. Alilaumu ile saa nzima. Taya likiwa bado limefungwa waya, akaenda makao makuu ya jimbo kuwaeleza waheshimiwa kwamba hospitali ziruhusiwe kuajiri polisi wao wenyewe, walioapa, wenye mamlaka ya kukamata. Nilimsindikiza. Alikuwa anaongea meno yamebanwa, wale wazee wanainama mbele wamsikie. Mmoja akamuuliza: "Mama, kwenu kila mtu ni ndugu ya mwenzake. Huyo polisi wenu atamkamata jirani yake kweli?"

Delphia akasema, "Atamkamata. Wangu au wako, atamkamata. Asipoweza hivyo, turudishieni tochi."

Wakacheka, wakampenda, wakapitisha.

Basi Arvil akapelekwa mafunzoni, akarudi na beji, bastola, pingu, na mkanda mzito unaomvuta suruali. Nilikuwa nikimwona mlangoni namwambia, "Arvil, vuta suruali, sheria inaanguka!" Anacheka, anavuta. Wakatuletea na mkubwa wake kutoka mjini, Kapteni Whitlow, kijana wa shati la pasi. Yeye akaweka mashine mlangoni: mgeni anatoa leseni yake, mashine inaisoma, kama kuna hakimu anayekutafuta inasema. Mamlaka yao yalikuwa mpaka kwenye uzio. Ng'ambo ya uzio ni barabara, na ng'ambo ya barabara ni duka la matairi la Clovis, huko si kwao.

Nikiri kwamba baada ya hapo hakuna muuguzi aliyepigwa tena. Hilo siwezi kuwanyima.

Halafu Delphia akaugua. Saratani ya kongosho, ile isiyokupa nafasi. Mumewe alishakufa zamani kwa vumbi la makaa kwenye mapafu, na mtoto wake ni mmoja, Rondal. Mtoto! Jibaba la ndevu, mikono kama koleo. Mdomo anao, hasira anazo, na alikuwa ameshtakiwa kwa kumsukuma askari wa kaunti kifuani pale kituo cha mafuta. Lakini kwa mama yake alikuwa mtoto mchanga. Ndiye aliyekuwa akimpeleka mjini kwa pikapu kutundikiwa dripu za dawa, anaweka mto chini ya miguu yake, anaendesha polepole mpaka malori yanampigia honi.

Siku aliyotakiwa mahakamani ikaangukia siku ya dripu. Akachagua dripu. Hakimu akatoa hati akamatwe.

"Kwa nini hukuwapigia simu?" nilimfokea.

"Nilipiga, mama mdogo. Wakaniwekea muziki. Nikasikiliza muziki mpaka mlimani, simu ikakata."

Angejisalimisha, angekaa ndani mpaka hakimu arudi wiki inayofuata. Na daktari alikuwa ameshaniita pembeni akaniambia wikendi hii dada yako haivuki. Ndiyo hali ilivyokuwa. Delphia yuko ghorofa ya tatu anakufa, na mwanawe hawezi kupita mlango ambao mama yake mwenyewe aliuwekea polisi.

Nilimfuata Arvil. Nikamwambia, "Wewe na Delphia mmefanya kazi pamoja miaka yote. Mpitishe kijana kwa mlango wa jikoni, mimi nina ufunguo."

Uso ukamshuka. "Verlie, zamani ningetazama dari. Sasa nimeapa. Nikimwona nikamwacha, nimevunja kiapo, na aliyenishikia Biblia siku ya kuapa ni dada yako."

"Basi usimwone!"

"Atapitia wapi asionekane, mtu mkubwa vile?"

Nilimtukana. Sitarudia maneno.

Kwa hiyo ikawa hivi: Rondal anakuja asubuhi, anasimama uwanjani kwa Clovis, katikati ya matairi, na kofia yake ya rangi ya chungwa ya kuwindia. Mimi namweka dada kwenye kiti cha magurudumu, namsogeza dirishani. Rondal anavua kofia anaipunga. Delphia anaweka kiganja kwenye kioo. Wanakaa hivyo. Clovis alimtolea kiti na kikombe cha kahawa. Arvil akisimama mlangoni alikuwa anageuza mgongo, na Kapteni Whitlow, ambaye si mjinga, aliuliza yule bwana wa kofia ni nani. Arvil akasema, "Mteja wa matairi." Kapteni akasema gari lake lazima lina magurudumu mengi.

"Amekonda," Delphia akaniambia siku ya tatu, sauti imebaki kidogo sana.

"Yule? Juzi kamaliza sufuria yangu nzima ya kuku."

"Verlie, nataka kumshika."

"Basi mwambie Arvil! Wewe umwombe nini akukatalie? Neno lako moja tu."

Akatazama kile kioo. "Nilikwenda kule nikasema wangu au wako."

"Ulisema ukiwa mzima! Wale wazee hata jina lako hawalikumbuki!"

"Mimi nakumbuka nilichosema," akasema, akafumba macho. Nikamchukia. Nampenda dada yangu, lakini dakika ile nilimchukia kabisa, na nilitoka nikaenda kulia kwenye chumba cha baridi jikoni ambako hakuna anayekuja.

Nilimpigia Rondal simu kutoka hukohuko. Nilimwambia ukweli: mama yako anataka kukushika, na muda hakuna.

Nikasikia mashine ya Clovis ya kujaza upepo.

"Nikivuka watanichukua," akasema.

"Watakuchukua, mwanangu."

"Lakini nitakuwa ndani ya uzio."

Nilirudi juu mbio na magoti yangu haya. Nilipofika Delphia alikuwa dirishani bado, na Rondal alikuwa anavuka barabara mchana kweupe, kofia mkononi, magari yanamsubiri. Akaupita uzio. Arvil akatoka mlangoni. Wakasimama wanatazamana. Rondal akageuka, akaweka mikono nyuma ya mgongo, kama wanavyotakiwa. Arvil akamgeuza tena, taratibu, akamfunga mikono mbele.

"Kamfunga mbele," nikasema.

"Naona," Delphia akasema. Alikuwa analia.

Kapteni Whitlow akawafuata, wakazungumza. Baadaye Arvil aliniambia walichosema. Kapteni alisema mtuhumiwa anapelekwa jela ya kaunti. Arvil akasema ndiyo, bwana, lakini gari la kaunti litamchukulia mlango wa nyuma, na njia fupi ya kwenda nyuma inapita ghorofa ya tatu. Kapteni akamtazama sana. Kisha akasema lifti ya huku inasumbua, itumieni ile ya wagonjwa.

Wakaingia chumbani, Rondal mbele. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

Arvil alikuwa ametoa ufunguo. "Sista Delphia," akasema, "namfungua kidogo akukumbatie. Mimi nitajibu."

"Arvil, usimfungue."

"Sista..."

"Utafukuzwa. Na nilisema. Mwache hivyohivyo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Njoo na hivyohivyo ulivyo."

Nilitaka kupiga kelele. Rondal akainua ile mikono iliyofungwa, akaipitisha juu ya kichwa cha mama yake, ikamshukia mgongoni, Delphia akawa katikati ya mikono yake, mdogo, kichwa chake kifuani kwa mwanawe. Sijui walikaa vile kiasi gani. Arvil alivua kofia akatazama ukuta. Nilisikia Rondal anasema, "Nisamehe, mama, nilikuwa hapo tu, nilikuwa hapo tu barabarani." Na yeye anamjibu, "Nilikuona. Kila siku nilikuona."

Akachoka. Rondal akaitoa mikono, akaiweka magotini kwake. Delphia akaishika ile mikono, akaitazama, na uso wake ukabadilika, ukawa ule wa kazini. Akachukua vidole vyake viwili, vimebaki mifupa, akavisukuma kati ya pingu na ngozi ya mwanawe. Vikakataa.

"Imebana," akasema. "Arvil, legeza."

Arvil akapiga goti naye, akatumia ufunguo, akailegeza pingu kwa jino moja. Delphia akajaribu tena. Vikapita.

"Haya," akasema.

Akafumba macho. Vidole vikabaki humohumo, ndani ya pingu, juu ya mshipa. Tukadhani anapumzika. Redio ya Arvil ikaita, akaizima. Ikaita ya Kapteni kule nje kwenye korido, na yeye akaizima. Rondal hakuthubutu kusogea, magoti yamemfa ganzi, anampapasa mama yake kwa kidole gumba tu kwa sababu ndicho kilichofika.

Mwishowe Kapteni akagonga mlango kwa kucha, akasema gari la kaunti limefika na askari wao wanapanda ngazi. Alisema polepole.

Arvil akanyoosha mkono avitoe vile vidole, akashindwa, akaurudisha. Rondal akasema, "Mimi siwezi, mama mdogo."

Kwa hiyo nilivitoa mimi. Kimoja, halafu cha pili. Vilikuwa na joto bado. Delphia hakuamka, wala hakuamka tena, na alipokata roho Jumamosi alfajiri nilikuwa naye peke yangu. Rondal alikuwa ndani, anamsubiri hakimu.