Tr Kumi na Saba

Watu wa kijiji cha Mella walisema Mwalimu Ofumbi alizaliwa akihesabu vidole vya mkunga, akapata kumi na kimoja, na mkunga alipojiangalia akakuta kweli. Hayo ni ya Mella. Lakini kwamba asubuhi ile ya mwaka 1974 alitoka Tororo kwa baiskeli, karatasi sita ndani ya soksi, kutafuta posta ya Busia upande wa Kenya, hilo halina chumvi hata punje. Barua za ng'ambo zilizopitia posta ya kwao zilifunguliwa na watu wasiojulikana, kisha wenye barua nao wakawa hawajulikani walipo.

Profesa mmoja wa ng'ambo alikuwa akiusubiri uthibitisho wa Ofumbi: ukichanganya hali mbili za chembe zilizo ndogo kuliko vumbi, kutojua kwako hakushuki kamwe chini ya wastani wa kutojua kwa zile mbili. Kutojua huko Ofumbi alikupima kwa matriki, yaani miraba ya namba, akijumlisha namba za mshazari. Ukichora kutojua huko, kunapanda na kushuka kama kigongo cha ng'ombe. Miaka mitatu alikuwa juu ya kigongo hicho.

Kwenye kizuizi cha jeshi cha Buteba, sajini akapiga kelele, "Baiskeli lala chini! Viatu toa!"

Soksi zilifuata viatu. Sajini akazikunjua karatasi, akasoma kwa kidole.

"Tr. Tr. Tr... Mimi nahesabu kumi na saba. Tororo kumi na saba! Na hii?" Ilikuwa karatasi ya sita: kigongo, na mstari ulionyooka chini yake. "Hii mwamba ya Tororo. Mimi naona kila siku. Na hii barabara napita chini ya mwamba. Nani nachimba?"

Mstari ule ulikuwa wastani tu, na kigongo hukaa juu yake daima. Tr ilikuwa kifupi cha treisi, jina la Kiingereza la jumla ya mshazari, lakini kwa wanajeshi neno hilo ni kufuata nyayo za mtu mpaka umtie mkononi. Kitabu cha Wajerumani alichojisomea Ofumbi kiliiandika Sp. Akashukuru moyoni: Sp kumi na saba zingesomwa spai, majasusi kumi na saba, na kaburi lake lingekuwa palepale.

"Ni jumla ya mshazari, afande."

"Mshazari nani? Nakaa wapi?"

Zubaida, muuza njugu na kunde kando ya kizuizi, hakuweza kujizuia. "Afande, huyu mwalimu wa hesabu. Kamfundisha mpwa wangu Sulaiti mpaka mtoto anahesabu usingizini."

"Mama, funga mdomo."

"Mama Zubaida," Ofumbi alisema, "niazime makopo mawili. La njugu na la kunde."

"Utayarudisha?"

"Nikirudi."

Akayaweka mbele ya sajini. "Hili njugu tupu. Ukifumba macho ukatia mkono, utatoa nini?"

"Njugu. Mimi mjinga?"

"Na hili?"

"Kunde."

"Basi tunajua yote." Akamimina makopo yote ndani ya beseni la Zubaida, akakoroga. "Na sasa?"

Sajini alifumba macho, akazamisha mkono, akautoa umekunjwa ngumi. Badala ya kujibu, akamwelekezea bunduki kwa mkono wa pili.

"Sema wewe. Wewe najua karatasi. Hapa ndani iko nini?"

Ofumbi akauona mtego. Akipatia, basi ni mtu wa kujua siri. Akikosea, ni mwongo. Hesabu ilimpa nusu kwa nusu, na nusu ya Ofumbi isingeweza kurudi nyumbani kwa mkewe Aboth.

"Sijui, afande."

"Hujui?"

"Sijui. Ndiyo yaliyoandikwa humo. Karatasi zote sita zinapima nisichokijua."

Nzi alitua kwenye ukingo wa beseni, akaondoka. Kisha sajini akaangua kicheko.

"Hapa kila mtu nasema sijui, sijui, mpaka mimi napiga. Huyu naandika karatasi sita! Pita. Hii ya mlima nabaki na mimi. Jioni wewe narudi, nachukua."

Kwenye kaunta ya posta ya Busia aliiandika upya ile ya sita. Kalamu iliteleza, kigongo kikaingia kibonde katikati, na kibonde kimoja tu kinaua uthibitisho mzima. Akachana, akachora tena, na tena. Mara ya nne kikakaa sawa. Akabandika stempu, akaitumbukiza bahasha.

Angeweza kubaki upande huo. Alisimama ameshika usukani, magari yakimpigia honi. Lakini Aboth alikuwa Tororo, na asiporudi jioni sajini angemtafuta mwalimu wa kigongo mpaka nyumbani. Akageuza baiskeli.

Buteba alimkuta Zubaida ameinama akichambua kunde kutoka kwenye njugu, moja moja, midomo ikilaani kimyakimya. Sajini alikaa kwenye pipa, karatasi ya sita imekunjwa mfukoni mwa shati.

"Mwalimu! Mimi nafumba macho nabahatisha, nakosa mara tisa!" Akanyoosha ngumi. "Sema."

"Sijui, afande," Ofumbi alijibu hima.

Sajini akafungua vidole. Ngumi haikuwa na kitu.

Akamrudishia karatasi, na Ofumbi akapanda baiskeli. Hakuthubutu kuuliza kama ile ngumi ya asubuhi nayo ilikuwa tupu.