Mistari Themanini na Tatu

Mwalimu Wanyonyi wa Bungoma alimpigisha Wakonyo magoti mbele ya darasa zima kwa kusema kwamba 8,051 si namba tasa, ati inagawanyika. Mtoto kumbishia Wanyonyi! Miaka thelathini baadaye alienda Kitale kununua miche ya kabeji, na mwenye kitalu akawa Wakonyo yule yule.

"Nimepanda mistari themanini na tatu, Mwalimu, kila mmoja miche tisini na saba," Wakonyo alisema akicheka. "Hebu zidisha."

Wanyonyi alizidisha kichwani, akapata 8,051, akaona haya na kuinamisha kichwa.

"Wacha tu, Mwalimu. Si hukujua?"

Akaitikia kwamba hakujua. Lakini namba hizo mbili alikuwa amezipata siku ile ile, Wakonyo angali amepiga magoti, naye akazifuta ubaoni upesi.