Salamu Hewani

Hewani, Goodness hakutaka salamu. Aliwafundisha watu wake wote hivyo, tena kwa ukali: taja kituo chako, sema shida, achia kitufe. Mwenye hamu ya kusalimiana aende sokoni Kiboriloni, huko watu wana muda.

Alikuwa na haki ya kujidai kidogo. Miaka yote zimamoto walikuwa na redio zao za upepo, magari ya wagonjwa ya kanisa yalikuwa na zao, waokoaji wa mlimani zao, na hakuna kundi lililomsikia mwenzake. Goodness ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi, mpaka Bomang'ombe, akiomba kisanduku cha kuziunganisha. Sasa kilikuwa mezani kwake hapa Moshi mjini, kina taa tatu za kijani, moja kwa kila kundi. Akisema mmoja, wote wanasikia. Alikipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Si kuliko Doris, lakini. Doris, dada yake, alipoteza mtoto wa kwanza njiani, watu wakihangaika na simu zisizopatikana. Na mchana huu wa mvua za Aprili alikuwa tena ndani ya gari la wagonjwa, huko juu ya Kilema, uchungu umemshika, na mto umefunika daraja mbele yake.

"Gari la wagonjwa, hapa Mlima Tatu," ilisema sauti ya kijana. Alikuwa Tito, kiongozi wa waokoaji, waliokuwa wakishuka na machela yao yenye gurudumu. "Rudi nyuma mpaka njia panda ya kinu. Kuna daraja la miguu. Zimamoto watafunga kamba ng'ambo."

Kimya.

Tito akarudia. Kimya. Taa ya gari kwenye kisanduku ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Goodness akabonyeza kitufe mwenyewe.

"Mzee Ndelilio, unasikia?"

"Nasikia sana, binti yangu," dereva akajibu, taratibu kama yuko kibarazani kwake. "Nasikia mtu ananiambia nirudi nyuma kwenye tope, na mgonjwa ninaye. Huyu Mlima Tatu ni mtoto wa nani? Hajanisalimia. Nikimdondosha mama huyu korongoni, nitakwenda kumuuliza mlima?"

Goodness alifungua mdomo amgombeze, akaufunga. Mzee hakuwa mkaidi bure. Watu wa huku hawakukabidhi mwili wao wala gari lao kabla hawajajua umetoka nyumba gani, na yeye ndiye aliyewakataza vijana kusema hayo. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Tito, msalimie mzee."

"Hewani?"

"Hewani! Haraka!"

"Shikamoo, meku, mzee wangu."

"Shikamoo, mzee!" akadakia Wilson wa zimamoto kutoka ng'ambo ya mto, na nyuma yake vijana wake wote, sauti zikigongana.

"Marahaba, marahaba wanangu. Wewe wa kwanza, ni wa nani?"

"Ni Tito wa Aristides, kihamba chetu cha migomba kiko nyuma ya shule."

"Aristides! Si mimi niliyemsimamia harusi?" Mzee alicheka mpaka redio ikakwaruza. "Ungesema mapema, mwanangu. Haya, naanza kurudi. Niambie kona zote."

Basi Tito akamwambia kona zote, na mzee akarudisha gari kinyumenyume kwenye tope lile, mkunga Hilaria akimshika Doris mkono. Wilson alisikia kila neno, kamba zikawa tayari kabla machela haijafika. Goodness hakuwa na la kufanya tena. Alikaa ameshika ukingo wa meza, akisikiliza watu ambao jana hawakujuana wakiitana kwa majina ya baba zao. Machela ikavuka. Ng'ambo lilikuwepo gari jingine, na daktari ndani yake.

Kisha ikawa mvua tu.

Halafu sauti ya Hilaria, inahema: "Sikilizeni."

Kitufe hakukiachia. Kilio cha mtoto kikajaa chumba kizima, kikali, chenye hasira ya kuletwa duniani kwenye mvua. Taa zote tatu zikamemeta kwa pamoja: zimamoto wakipiga vigelegele vibovu vya kiume, Tito akiuliza kama ni wa kike au wa kiume, Wilson akitaka kujua nani anampikia mzazi mtori.

"Ni wa kike!" akasema Hilaria. "Na Doris mzima, anaomba chai. Goodness, umesikia?"

Goodness akabonyeza kitufe ajibu. Hakikutoka kitu ila kwikwi, nzito, moja juu ya nyingine, na kidole kikagoma kuachia.

Alipokiachia kitufe hatimaye, aliyesema ni Mzee Ndelilio, polepole.

"Lia tu, binti yangu. Tunakusikia wote."