Koo la Chiriku

Chiriku, fundi cherehani, alijaliwa sauti nyembamba na kali, ya kumwamsha jirani wa nyumba ya tatu. Miaka kumi na mmoja sauti hiyo ndiyo iliyoendesha mkutano wa hewani wa chama cha redio za ridhaa, cha watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu. Kila Jumamosi asubuhi aliita vituo kimoja kimoja, akapokea habari: mvua wapi, nani kajifungua, nani kanuniana na nani. Umbea ukipita karibu, hakuuacha upite hivi hivi.

Kisha chama kikahamia redio za kidijitali. Ndani yake mna kidude kinachoibana sauti ili isafiri mbali. Kampuni imekifunga, hakuna ruhusa ya kukichungulia. Sauti nzito za wanaume kilizibeba vizuri. Ya Chiriku ilitoka kama bata aliyekabwa.

“Tatizo si redio, ni koo lako,” Mwenyekiti alimwambia mbele ya wanachama. “Jumamosi nitaendesha mimi. Wewe pumzika, mama.”

“Nani kakwambia nimechoka? Na koo langu sikulinunua dukani, nikalibadilishe!”

Nyumbani alimsimulia mdogo wake, fundi wa kompyuta, wateja wa kushonewa wakiwa wamejaa kwenye benchi.

“Dada, ipo programu nyingine ya kubana sauti,” mdogo wake akasema. “Wameiandika watu wa redio kama nyie, na msimbo wake uko wazi. Ikikukataa, unaifungua unaitengeneza.”

“Kama gauni?”

“Kama gauni. Yako tutaipanua shingo.”

Programu ile ilifuata sauti hadi kimo fulani tu cha wembamba; zaidi ya hapo ilibahatisha. Wiki nzima mdogo mtu akapandisha kimo hicho, wateja wakawa wapimaji. Huyu asome, yule acheke, mwingine amseme mumewe.

“Mh! Hadi kithembe changu kimo!” mmoja akashangaa.

Wakaiweka mtandaoni bure. Asiyekuwa nayo angesikia mvumo mtupu, wala yeye asingesikika. Chiriku akawatangazia wanachama masafa yake: Jumamosi, saa ile ile. Mwenyekiti naye akatangaza: atakayemfuata asirudi chamani.

Jumamosi Chiriku akaunganisha redio kuukuu na kompyuta, akaita. Kimya. Akaita tena. Akaitika mwalimu mstaafu. Akaja muuza mitumba, kisha daktari wa mifugo. Watatu kati ya thelathini.

“Mnatosha,” Chiriku akasema. “Tuanze.”

Ghafla spika ikanguruma: “Chiriku! Mwenyekiti hapa! Zima mitambo hiyo sasa hivi! Programu hiyo chama hakiitambui!”

Sauti ilikuwa safi, hata pumzi za hasira zilihesabika. Benchi zima la wateja likaziba midomo kwa viganja.

Chiriku akavuta kiti karibu.

“Karibu, kituo cha nne. Nakusikia vizuri mno. Haya, Mwenyekiti, huko kwako mvua imenyesha?”